Nimenunua gazeti kwenye seva ya RP, gangi wananihonga nisiwaandike, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Mbagala, mchana nipo stationery moja huku Rangi Tatu, usiku nacheza GTA RP, ile ya kila mtu kuigiza mkazi wa mji wa kufikirika, kwenye seva ya FiveM (programu inayoendesha seva hizo) yenye Wabongo na Wakenya. Juzi kati jamaa aliyekuwa anamiliki gazeti la mji aliacha gemu, nikalinunua kwa hela ya gemu, ofisi na kila kitu. Toleo la kwanza nikatoa kurasa 12, nimedizaini mwenyewe, walionunua wachache sana. La pili ndo kabisa. Maripota wangu wawili wanadai mshahara. Halafu gangi moja kubwa wameniletea ofa ya dola elfu 50 za gemu kila wiki nisiwaandike. Na bosi wangu wa stationery, wa kweli huyu, anasema atanipa elfu 30 kwa mwezi nimwekee tangazo kwenye gazeti. Nishike lipi? Na admini, wale wasimamizi wa seva, wakinichukia je?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi kwa mpigo, nitayajibu yote ila siyo kwa mpangilio wako, maana naona gangi ndo imekutia presha wakati siyo gangi inayoua gazeti lako. Zinazoliua ni zile kurasa 12.

Nimehariri magazeti ya kwenye gemu kwa muda sasa na kabla ya hapo nilikaa chumba cha habari cha kweli hapahapa Dar, na tofauti kubwa niliyoiona ni hii: kwenye seva ya RP mtu hanunui gazeti ili ajue mji umeamkaje. Anajua tayari, alikuwepo, au kaona klipu Discord kule wachezaji wanakochatia, au mshkaji wake kamsimulia wakiwa kwenye voisi. Ananunua ajione. Anataka jina la karakta wake liwe limeandikwa, tena limeandikwa bila kukosewa, na picha yake akiwa na lile koti lake analolipenda. Yaani kuna mtu anacheza mwezi mzima, karakta wake ni fundi gari kule Sandy Shores, hamna anayemjua, siku ukimuandika mistari minne tu kwamba gereji yake ndo pekee inayofunguliwa usiku wa manane, huyo atachukua nakala zake tano agawie watu, na kuanzia hapo kila kitu kinachotokea kule jangwani atakupigia wewe kwanza kabla ya polisi. Umeshapata ripota ambaye humlipi chochote.

Sasa kurasa 12 umejaza nini? Naweza kukisia. Tahariri ndeeefu, mahojiano na meya ya kurasa tatu, horoskopu, ushairi. Mtu yupo kwenye gari, anakimbizwa, au anasubiri zamu hospitali, una dakika mbili za macho yake basi. Toa ukurasa mmoja, mbele na nyuma, usizidishe hapo mpaka watu wenyewe waanze kulalamika kwamba habari zao zimeachwa nje. Mbele stori moja kubwa na picha, chini yake vijihabari vya mistari mitatu mitatu, nani kapigwa faini mahakamani, nani kafungua baa Vinewood, nani kaoa, nani kagonga nguzo ya taa mbele ya hospitali. Ukihesabu kwenye ukurasa wako hamna hata majina 15 ya wakazi, bado hujamaliza kuandika. Meya akae nyuma, na ana nafasi sawa na yule aliyegonga nguzo.

Na litoke siku ileile kila wiki. Mi napendekeza Ijumaa saa 1 jioni, kabla seva haijajaa, maana watu wakitoka makazini na vyuoni wakaingia saa 2, saa 3, wanakuta cha kuzungumzia na wikiendi nzima wanakichezea. Uhariri malizia Alhamisi, usiache mpaka Ijumaa mchana kwa sababu umeme wa Mbagala unaujua mwenyewe, na bando likiisha katikati ya kupandisha faili utalia. Gazeti baya linalotoka Ijumaa linashinda zuri linalotoka likijisikia, hapo sina mjadala na mtu.

Sasa habari zenyewe, maana nahisi maripota wako wanafanya kile ambacho karibu kila ripota mpya wa RP anafanya. Tuseme benki ya Fleeca ya pale Legion Square imevamiwa, ripota anakuletea hivi: "Gangi ya Dampo wakiongozwa na bosi wao walivamia benki ya Fleeca saa 4 usiku, wakachukua dola 120,000 na kutorokea kwenye maficho yao Paleto Bay." Stori tamu kinoma. Muulize, umejuaje? Atakwambia nilikuwa naangalia laivu ya mmoja wao. Hapo hakuna habari, hapo ni metagemu iliyovalishwa suti, ripota kama mchezaji anajua, ila karakta wake hakuwepo, hakuambiwa, hakuona. Ukiichapa, polisi wakalisoma gazeti wakaenda Paleto Bay, umeua kazi ya wiki nzima ya watu nane na admini wana haki kabisa ya kukufungia.

Mtume akaulize. Kama karakta, kwa miguu, na maiki yake. Akirudi na kazi iliyofanyika inasomeka hivi:

FLEECA YALIZWA TENA

Watu wanne waliofunika nyuso wamevamia benki ya Fleeca jirani na Legion Square juzi usiku na kutoroka na fedha ambazo polisi hawajataja kiasi chake. Muuza hotidogi aliyekuwa upande wa pili wa barabara amesema walikimbia na gari aina ya Sultan, jeusi, lisilo na namba. "Mmoja alikuwa anachechemea mguu wa kushoto," alisema. Polisi wamesema upelelezi unaendelea.

Fupi, halafu angalia imefanya nini. Huyo anayechechemea ameshaanza kuhangaika, avae nini, atembeeje. Daktari aliyemfunga bandeji usiku ule akisoma hapo moyo unamdunda, aseme au akaushe? Askari anaanza kuangalia miguu ya watu. Muuza hotidogi, ambaye wiki nzima hakuna aliyemsemesha, sasa ni shahidi na pengine anatafutwa. Stori ya kwanza ilimaliza mchezo, hii imewapa kazi watu wanne. Kipimo changu cha habari ya RP ni hicho tu, je, ikisomwa kuna mtu atafanya kitu ambacho asingekifanya?

Sheria nyingine ni kumuuliza kila ripota, "umejuaje, na nani kakwambia akiwa karakta." Kama hana jibu, stori inakaa mpaka apate. Na hapo kuna kituko ambacho magazeti ya kweli hayana, marehemu. Seva nyingi zina ile sheria ya maisha mapya, ukiuawa ukaamkia hospitali hukumbuki kilichokuua. Basi utapigiwa simu na mtu aliyekufa saa 4 usiku, saa 5 anakwambia mhariri andika, fulani ndo kaniua, nilimwona kwa macho yangu. Chanzo hicho huwezi kukitumia hata angeapa kwa Msahafu na Biblia vyote. Unachoweza kuandika ni kwamba amekutwa eneo fulani ana majeraha, hakumbuki kitu, ndugu zake wanaomba mwenye taarifa ajitokeze. Mara nyingi hiyo inakuwa nzuri kuliko ile aliyotaka yeye, maana sasa muuaji hajui kama kuna mtu alimwona.

Tukija kwenye gangi.

Kwanza tulia, ofa yenyewe ni pongezi. Hakuna anayehonga gazeti lisilosomwa, ina maana hata hizo nakala chache zimefika mahali zinauma. Na usikimbilie kwa admini kushtaki, jamaa hawajavunja sheria yoyote, wamecheza. Gangi kuhonga gazeti ni RP safi kabisa na wewe ukienda kulia lia nje ya gemu ndo utakuwa umeharibu.

Swali ni karakta wako afanyeje, na hapa nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaukubali. Ripota wako anaweza kula bahasha, mhariri asile. Ripota akila bahasha ya kaki hiyo ni stori, kuna siku mwenzake atamgundua, atafukuzwa au ataandikwa ukurasa wa mbele na gazeti lake mwenyewe, na nakala zitaisha siku hiyo, niamini. Ila mhariri mmiliki akila, hakuna wa kumgundua zaidi ya wasomaji, na wasomaji hawakuandikii barua, wanaacha kununua tu. Mji mdogo ule, watu 60, 80 usiku, kila mtu ana rafiki kwenye kila gangi. Hiyo dola elfu 50 itajulikana kabla haijafika benki. Gangi ya pili nayo italeta ofa yake, ya tatu hivyohivyo, ukija kushtuka huna wa kumuandika zaidi ya yule aliyegonga nguzo ya taa.

Basi usikatae kwa meseji. Waite ofisini. Wakae, walete pesa mezani, waseme wanachosema, we wasikilize, waulize kwa upole ni kitu gani hasa hawataki kiandikwe, maana hapo ndo utajua kuna nini. Wengi wanakuja kununua ukimya kabla ya tukio, siyo baada. Halafu wape kile ambacho una uwezo wa kukitoa bila kuuza gazeti, yaani haki ya kujibu. "Kila nikiwaandika nitawapigia kwanza, mtasema upande wenu, na nitauweka kama mlivyosema." Bosi wa gangi anayejua kuongea atalipenda hilo kuliko kunyamaziwa, kwa sababu sasa ana jukwaa la kukanusha, "sisi ni wafanyabiashara wa kuosha magari tu, tunashangaa kusikia hizo tuhuma." Mji mzima utacheka na atakuwa maarufu. Wakikasirika wakaja kuchoma ofisi, umepata picha ya ukurasa wa mbele bure.

Mstari mmoja tu usiuruhusu uvukwe. Vitisho vikihama kutoka kwenye gemu, mtu anakutumia meseji WhatsApp, anataja jina lako la kweli, kazini kwako, unapoishi, hapo RP imeisha, piga skrini, peleka kwa admini siku hiyohiyo. Na wewe pia usivuke kwa upande wako. Usichape jina la kweli la mchezaji, sura yake, namba yake, wala skrini ya maongezi yake ya pembeni, hata kama amekuudhi vipi. Utani wa gemu haukulindi hapo, tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mtu akishaenda polisi na simu yake hawataanza kumuuliza karakta ni nini.

Mshahara sasa. Maripota wanadai haki yao ila umekosea mfumo, mshahara wa mwezi kwenye gemu unafuga mtegeaji. Lipa kwa stori iliyochapwa, na weka bei tofauti, kijihabari bei yake, stori ya mbele bei yake, picha bei yake. Picha usizidharau kabisa, kuna watu hawajui kuandika sentensi mbili ila wanajua kukaa juu ya ghorofa na kamera wakasubiri, hao walipe vizuri. Hela itoke wapi? Matangazo ya biashara za ndani ya gemu. Gereji, baa, wauza magari, mawakili, wote hao wana hela ya gemu imekaa tu haina kazi na wanachokosa ni wateja. Mauzo ya nakala yasikuumize kichwa, weka bei ndogo ya kuchekesha. Na tangazo usiliuze kama nafasi tupu tu, wengi hawajui kujiandikia, wewe mtu wa stationery unajua, muandikie. "Breki zimegoma? Njoo kabla hujafika Del Perro." Atalipa mara mbili.

Hapo ndo tunafika kwa bosi wako wa Rangi Tatu, na jibu langu ni hapana. Najua elfu 30 siyo ya kuchezea, ila siyo mimi ninayekataa. Novemba 2022 Rockstar, kampuni yenye GTA, walitoa msimamo wao kuhusu seva za RP, na kati ya vitu walivyosema haviruhusiwi ni kuingiza kipato kwa udhamini wa makampuni au kuyaweka makampuni ya kweli ndani ya gemu, pamoja na kuuza sarafu za gemu kwa hela halisi, yale maboksi ya bahati nasibu, na mambo ya kripto. Agosti 2023 timu yenyewe ya FiveM ikaingia rasmi chini ya Rockstar, kwahiyo usije ukadhani ni watu wa mbali wasiojua kinachoendelea. Tangazo la stationery ya kweli likionekana kwenye gazeti lako, anayewekwa hatarini siyo wewe peke yako, ni mwenye seva na watu wote waliomo. Mwambie bosi wako asante. Kama anataka kukusapoti kwa moyo mweupe akuachie kompyuta ya dukani nusu saa baada ya kufunga, ukadizaini.

Na kwa sababu hiyohiyo usimlipe ripota kwa M-Pesa, hata kwa nia njema. Hela ya kweli ikishaingia mara moja, kila kitu kwenye gazeti kinageuka kesi.

Uliuliza admini wakikuchukia. Hili wamiliki wengi wa magazeti ya gemu wanalifikiria wakiwa wameshachelewa, nalo lina historia yake. Mwaka 2003 kulikuwa na gemu linaitwa The Sims Online, la kampuni ya EA, na kwenye mji wake mkubwa wa Alphaville profesa mmoja wa falsafa Mmarekani, Peter Ludlow, akaanzisha gazeti, The Alphaville Herald. Lilikuwa linatoka kwenye tovuti nje ya gemu ila habari zake zote za mji ule. Akawa anaandika matapeli wanaowaibia wageni, na mambo machafu yanayowahusu watoto ambayo kampuni ilikuwa haitaki yasikike. Desemba 2003 akaunti yake ikafungwa. Sababu waliyotoa ni kwamba aliweka linki ya tovuti yake kwenye wasifu wake, yaani biashara. Magazeti makubwa ya dunia yakaidaka stori, EA wakaaibika, lakini yeye ndani hakurudi, akahamia Second Life, ulimwengu mwingine wa mtandaoni, na gazeti likabadilika jina likawa Second Life Herald.

Watu wanapenda kuisimulia hiyo kama stori ya shujaa na kampuni mbaya. Mi naiangalia kama mhariri, naona kitu kingine, hakuwa na haki yoyote ya kukaa pale. Wewe pia huna. Umelinunua gazeti kwa hela ya gemu, lakini jengo, hela, jina, hata hiyo karakta yako vipo kwenye mashine ya mtu mwingine na anaweza kuizima akiwa anakunywa chai. Kwahiyo amua mapema gazeti lako ni la aina gani. Kama ni gazeti la mji, la karakta, basi mambo ya admini, nani kafungiwa, admini gani ana upendeleo, yasiingie humo hata kidogo, karakta wako hajui kama kuna admini duniani. Nenda kwao sasahivi kabla hujaandika kitu, kubalianeni kwa maandishi, vitu gani hutagusa, ni nani utamuuliza ukiwa na wasiwasi, na kwamba hawatasoma gazeti kabla halijatoka. Hilo la mwisho lipiganie. Wengi wanakubali ukiwaeleza vizuri, maana gazeti linawapunguzia kazi, linafanya watu wacheze bila wao kuandaa matukio.

Kama unachotaka ni kuwaandika admini wenyewe, hilo ni gazeti jingine kabisa, litoke nje ya seva, na uwe tayari kuhama. Na ukifungua tovuti ya habari ukiwa hapa Tanzania kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni, zilianza 2018, zikaandikwa upya 2020, ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na zina mambo ya leseni. Gazeti la mji wa kufikirika siyo kitu ambacho sheria ilikuwa inakilenga, ila ukianza kuweka habari za watu halisi huko kaulize kwanza ofisini kwao.

Ila usidhani kila penye kampuni kubwa mchezaji ananyamazishwa. EVE Online, lile gemu la meli za angani la kampuni ya CCP ya Iceland, tangu 2008 wachezaji wanachagua baraza lao linalokaa na kampuni, na habari za vita vya mle ndani zimekuwa zikifuatiliwa na wachezaji wenyewe kwa miaka. Na hapo kuna somo la uandishi ambalo nampa kila ripota mpya. Januari 2014 kulitokea vita kwenye mfumo wa nyota unaitwa B-R5RB, saa 21 mfululizo, zikalipuliwa Titan 75, zile meli kubwa kabisa, hasara ikakadiriwa kupita dola 300,000 za kweli. Kila mtu anakumbuka milipuko. Chanzo chake unakijua? Bili haikulipwa. Upande mmoja malipo ya kumiliki eneo hayakupita, umiliki ukadondoka, adui akaona, akaingia. Ripota anayeishia kwenye milipuko ni sawa na aliyekaa nyumbani, mwambie wako akaulize ile bili. Kwenye mji wenu siku gangi mbili zikipigana, usitoe tu waliokufa, tafuta deni, gari, mwanamke, kiwanja, lazima kipo.

Na wakubwa wasikutishe. Reuters walifungua ofisi ndani ya Second Life Oktoba 2006, wakaweka na mwandishi wao kabisa. Mwishoni mwa mwaka uleule Axel Springer wa Ujerumani, wenye gazeti la Bild, wakaanzisha la kwao linaitwa The AvaStar. Hawakudumu. Walikuwa na hela na waandishi wa kulipwa, ila walikuja kuangalia wakazi badala ya kuishi nao, hakuna aliyenunua ili ajione.

Nimalizie na usambazaji maana naona hukuuliza na ndo nusu ya tatizo. Unauzia wapi? Kama ni ofisini tu, nani atapita ofisini? Yale masanduku ya magazeti yaliyopo barabarani kwenye GTA, muombe mtu wa skripti wa seva ayafanye yafunguke, abonyeze mtu, ukurasa utokee. Hospitali weka nakala za bure, watu wanakaa kule dakika kadhaa wanasubiri kushonwa hawana la kufanya, hakuna wasomaji wazuri kama wao. Kituo cha polisi pia. Halafu vichwa vya habari vitoe bure Discord, vichwa tu, bila stori. Unaijua meza ya magazeti pale stendi asubuhi, watu kumi wamesimama wanasoma juu juu mikono nyuma, muuzaji kawanunia, ila wawili watatu hawavumilii, wanatoa hela. Hao wawili watatu ndo unawatafuta, na wale wengine wanakutangazia stori njia nzima kwenye daladala.

Kuna ujanja niliuchukua kwenye gemu la Minecraft na umenisaidia sana. Kule kitabu kilichosainiwa kinaweza kunakiliwa, na nakala inaweza kunakiliwa tena, ila nakala ya nakala haizalishi tena. Kwahiyo halisi ina thamani na watu wanazitunza. Na wewe fanya hivyo, nakala 10 za kwanza za kila Ijumaa zitie namba na saini ya mhariri, uza bei ya juu kidogo. Utashangaa watu wanavyokimbilia namba moja, hasa kama wao ndo wameandikwa.

Lugha, andika Kiswahili cha kawaida ambacho Mkenya na Mbongo wote wanakielewa, misimu iache kwenye nukuu, mtu akiongea Sheng mnukuu na Sheng yake usimsahihishe. Kichwa cha habari ndo kiwe na maneno ya kitaa. Na majina ya wakazi yakague mara mbili, muulize mwenyewe anaandikaje, kuna mtu atakusamehe umemwita jambazi ila hatakusamehe umekosea herufi moja ya jina lake.

Kwa hiyo wiki hii gangi waite Jumanne au Jumatano, ripota mmoja mtume Sandy Shores, mwingine akae hospitali na daftari. Bosi wako mjibu kesho asubuhi. Na zile nakala za kurasa 12 zilizobaki usizitupe, zigawe hospitali.